Tungoje maji yatoke kwanza

Saa 10 usiku, mwezi ukiwa wa siku 16, tuliisogeza boti ya mtu hadi mchangani Sahare, Tanga. Muuzaji alikuwa tezi, yaani nyuma, ameshika kana ya usukani, mume wangu omo, yaani mbele, na mti wa pondo, na Ami yangu kasimama majini hadi kifuani, akituonyesha kwa mkono pa kuiweka. Ilipokaa pale alipotaka, akatia nanga moja mbele na nyingine nyuma, akapanda, akajifunika kanga yangu. "Lala kidogo, mwanangu," aliniambia. "Maji yakitoka ndio tutajua tunanunua nini."

Naandika haya kwa sababu kijana mmoja wa Kigombe amenipigia simu. Ameonyeshwa boti ya tanga ya faiba, ndogo, ya kulala watu wanne, na muuzaji anamharakisha kwamba kuna mteja mwingine Jumatatu. Nilimuuliza swali moja: umeiona ikiwa kavu? Akasema ameiona ikielea, na inapendeza. Nikamwambia asitoe hata shilingi ya kishika uchumba mpaka bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida.

Kwetu Tanga bamvua ina saa zake. Maji hujaa karibu na saa 10 na hupwa karibu na saa 4, usiku na mchana, na kati ya kujaa na kupwa bahari hushuka zaidi ya meta 3. Huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu. Wenzetu wa kule zinakotengenezwa boti hizi, wakitaka kuona tumbo la chombo hulipa winchi inyanyue. Sisi tunaingiza chombo juu ya mchanga maji yakiwa yamejaa, tunakunywa chai, na baada ya saa chache kiko mbele yetu chote. Halafu yakirudi mchana kinaelea tena. Anayekataa chombo chake kikaushwe namna hiyo, mimi simnunulii.

Msimamo huo niliununua kwa uchungu. Mwaka 2014 tulinunua mashua ya mbao, futi 22. Tuliiona Deep Sea, hapahapa Tanga, siku za maji mafu, yasiyopwa sana, imetia nanga, imepakwa rangi ya buluu mpya inang'aa. Tulipanda, tukakaa, tukapiga picha na watoto. Sikumwita Ami, maana alikuwa Pangani na mimi nilikuwa na haraka ya likizo ya Juni. Miezi mitano baadaye maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini kabisa ndani ya chombo, yakawa hayaishi kufuliwa. Ami alipokuja aliikausha, akachukua kisu cha jikoni, akakichomeka kwenye ubao wa kwanza kando ya mkuku, uti wa mgongo wa chini ya chombo. Kisu kikaingia hadi mpini. Nilisikia sauti yake, kama kukata muhogo uliooza, na bado naisikia.

Mdudu anayefanya kazi ile si mdudu kwa kweli, ni ndugu wa chaza na kome. Anaingia ubaoni akiwa mchanga kabisa, kwa tundu dogo kama la sindano, kisha hukua humohumo ndani akifuata urefu wa mbao, anakula. Nje ubao unabaki mzima na rangi yake. Ndiyo maana wazee walikuwa hawaachi chombo majini bila kukipandisha kila baada ya muda, wakakichoma tumbo kwa moto wa makuti, wakakipaka deheni ya chokaa na shahamu. Mwenye mashua ile alipaka rangi juu ya ugonjwa. Milioni 3 na laki 8 zetu zikawa kuni. Baba yangu alikuwa nahodha wa mashua za nazi kati ya Pangani na Pemba maisha yake yote, na mimi bintiye nilinunua rangi.

Basi, mwaka 2021 ilipotokea boti hii ya faiba, futi 26, iliyotengenezwa Uingereza miaka ya 1970, niliamua itapita mikononi mwa Ami kwanza. Yeye anajua mbao, hajui faiba. Mimi nilikuwa nimekesha wiki tatu nasoma habari za faiba. Tulikamilishana.

Boti hii ina mikuku miwili, mmoja kila upande, kama miguu ya mtu aliyesimama ametanua kidogo. Waingereza walizitengeneza nyingi za namna hii kwa sababu mito na ghuba zao nazo hukauka maji yakipwa, na chombo chenye mkuku mmoja hulala ubavu. Kwa mtu wa Tanga ni umbo la kufaa sana: inahitaji maji ya meta moja tu kuelea, na ikikauka inasimama wima huku wewe unapika wali. Lakini miguu hiyo ndiyo mahali pa kwanza pa kutazama. Uzito wote wa boti, kila inapokaa chini, unaisukuma mikuku itanuke. Ukifanya hivyo miaka 40, faiba ya pale mkuku unaposhikana na tumbo huchoka.

Kwa hiyo usingoje nje tu. Mtu mmoja lazima awe ndani wakati boti inakaa. Siku ile alikuwa mimi. Tulifungua mbao za sakafu, nikalala kifudifudi na tochi, nikaitazama ngama kwenye mizizi ya mikuku. Kabla boti haijagusa, nilikuwa nimekwisha chora kwa penseli mistari midogo juu ya kila ufa nilioutilia shaka, mstari ukikatiza ufa. Karibu saa 12 na nusu asubuhi ikagusa mchanga. Ikanyanyuliwa na wimbi dogo, ikagusa tena, ikatulia. Halafu uzito ukaanza kuingia. Ilitoa mlio mfupi, kama kitanda cha kamba mtu akikalia. Mkuku wa kulia: mistari yangu yote ikabaki imenyooka. Wa kushoto, mstari wa tatu kutoka mbele ukakatika vipande viwili ambavyo havikukutana tena. Tofauti ilikuwa kama unene wa kadi ya simu, lakini ilikuwepo, na muuzaji niliyemwita aione aliiona.

Nje, maji yalipokwisha kutoka, Ami alikwangua majani na makome mahali palepale. Ufa ukatokea, na chini yake kuna machozi ya kutu yakishuka kwenye rangi. Kutu pale maana yake bolti za mkuku zinaonja maji ya chumvi. Hilo si jambo la kukimbia chombo moja kwa moja. Ni jambo la kujua kabla, kwa sababu linatengenezeka: unalegeza bolti moja moja uziangalie, unakwangua faiba ya ndani hadi kwenye safi, unaongeza tabaka mpya pana zinazosambaza uzito. Unapaswa tu kulihesabu ndani ya bei.

Nikiwa bado nimelala pale sakafuni, Ami akaingia, akaitazama ngama, akasema ule usemi wa wazee, huenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Akachovya kidole kwenye maji yaliyokuwa yametuama, akakitia ulimini.

"Onja."

Nilisita, kisha nikaonja. Hayakuwa na chumvi.

Hili nalitilia mkazo kuliko yote, na sikulikuta kwenye maandishi yoyote niliyokesha nayo. Maji yote yanayoingia chomboni, popote yalipopita, mwisho hukusanyika ngamani. Yakiwa ya chumvi yamepita chini: kwenye koki, shafti ya propela, mkuku. Yakiwa na mafuta juu, mashine inavuja. Yakiwa matamu, mara nyingi ni ya mvua, yamepita juu, na juu kwenye boti ya faiba ndiko kunakooza. Boti yetu ilikuwa na ufa chini, lakini maji yaliyokuwemo yalikuwa ya masika. Kwa hiyo tukageuza macho yetu kwenye sitaha.

Sitaha ya boti kama hizi si faiba tupu. Ni tabaka mbili nyembamba za faiba, na katikati kumewekwa plaiwudi au mti mwepesi wa balsa ili iwe ngumu bila kuwa nzito. Maji yakipenya kwenye tundu la skrubu moja tu, yanaingia kwenye mbao ile ya katikati na hayatoki. Vua viatu utembee juu yake polepole, kisigino kwanza. Penye afya hapatikisiki. Palipooza panabonyea kidogo na kurudi, kama godoro. Kisha chukua bisibisi, uigeuze, ugonge kwa mpini kila baada ya sentimeta 10. Sauti kavu ya juu ni njema. Sauti ya chini iliyozibwa, kama kugonga fenesi, weka alama ya chaki. Tulimaliza na chaki kuzunguka mguu wa mlingoti na kwenye bamba la chuma linaloshika waya za mlingoti upande wa kulia.

Hapo nikakumbuka mlango wa choo. Nilipoingia usiku nilikuwa nimeupapasa ukingo wake wa juu, nikaona umepigwa randa karibuni, mbao ni nyeupe, haijapakwa vanishi. Mlango wa chombo cha miaka 40 na zaidi hauwi mrefu ghafla. Kilichotokea ni kwamba sitaha iliyo juu yake ilishuka. Kwenye boti hizi mlingoti haufiki mkukuni, unasimama juu ya sitaha, na chini yake kuna nguzo ya kubeba uzito. Tulifungua kifuniko cha chini ya nguzo tukakuta gogo lililoikalia limelainika kwa maji yaleyale matamu. Mlingoti unashuka milimita chache, sitaha inashuka, mlango unakwama, na mwenye boti anapiga randa mlango. Kijana wangu wa Kigombe, fungua na kufunga kila mlango na kila kabati ndani ya boti hiyo.

Malengelenge kwenye tumbo yatakutisha ukiyaona mara ya kwanza. Yetu ilikuwa nayo kama 30, mengine makubwa kama sarafu ya shilingi 200. Ukilitoboa moja linatoa majimaji yenye harufu ya siki, kwa sababu maji yamepenya ganda la nje na kuchanganyika na kemikali za utomvu uliotumika kuijenga. Ni ugonjwa wa polepole. Ukiwa nayo 30 unayakwangua, unayaacha yakauke vizuri kiangazi, unayaziba. Tumbo zima likiwa nayo, mwachie mwenyewe.

Waya za kushikilia mlingoti hazionyeshi kosa kwa macho. Chukua kipande cha pamba uipitishe kwenye kila waya, hasa pale chini waya inapoingia kwenye kifundo chake, maana ndipo maji ya chumvi hukaa. Pamba ikinasa, uzi mmoja umekatika, na ukikatika mmoja wengine wako njiani. Ya kwetu ilinasa mara mbili. Stenlesi kwenye jua na chumvi ya kwetu haidumu milele, na muuzaji asiyeweza kukwambia waya zilibadilishwa mwaka gani, chukulia hazijabadilishwa. Tuliagiza zote mpya. Ziligharimu kuliko tanga lenyewe.

Na tanga: kwangua mshono kwa ukucha. Jua huua uzi kabla ya kitambaa. Ukitoka unga, fundi cherehani atakuwa na kazi, lakini si kubwa.

Mashine nilimwachia fundi wa dizeli, isipokuwa jambo moja nililomwambia muuzaji siku moja kabla: usiiwashe kabla fundi hajafika. Mashine yoyote inawaka ikiwa na moto. Boti ilipoelea tena mchana fundi aliweka kiganja juu yake kwanza, ikawa baridi, ndipo akasema iwashwe. Alivuta kijiti cha oili akaipaka kwenye karatasi nyeupe. Ingekuwa na rangi ya chai ya maziwa ingemaanisha maji yameingia ndani, na hapo tungezungumza bei nyingine kabisa. Ilikuwa nyeusi tu. Moshi ulitoka mweupe dakika ya kwanza kisha ukaisha. Mweusi usioisha akili yako iende kwenye nozeli, au propela yenye makome. Wa buluu, mashine inakula oili. Wakati huohuo mtu mwingine ainame tezi aangalie bomba la moshi linatema maji. Mashine za boti hupozwa na maji ya bahari, na impela ya mpira, kigurudumu kinachovuta maji hayo, ikikatika meno utaiunguza mashine kabla hujafika Ras Kazone.

Koki zote zilizo chini ya maji zifungue na uzifunge kwa mkono. Isiyozunguka haikufai siku bomba litakapopasuka. Kisha kwangua kidogo kwa kisu. Shaba ikiwa ya njano ni nzima. Ikiwa ya rangi ya waridi, zinki imeshatoka ndani yake, inaweza kuvunjika kama biskuti. Mbili zilikuwa hivyo. Tulizitoa boti ikiwa kavu bamvua iliyofuata.

Siku ya tatu tuliipeleka baharini. Tulingoja alasiri, kusi ilipokaza, tukapandisha tanga tukapiga bisha, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo, kuelekea kisiwa cha Yambe. Nilitaka kuiona ikiingia kwenye upepo, kwa sababu safari tuliyoitaka ni Wete, Pemba, kwa ndugu za mume wangu, na mkondo wa Pemba humpeleka mtu kaskazini iwapo chombo chake hakiwezi kushika joshi, yaani kwenda karibu na upepo unakotoka. Mikuku miwili ina dosari hiyo: haibishi vizuri kama mmoja mrefu. Nilihesabu. Tulichukua mageuzi 9 kufika, mahali ambapo mashua ya baba ingechukua 12 au zaidi, na kana ilikaa nyepesi mkononi. Usukani ulikuwa na mchezo kidogo. Ami aliushika ukingo wake tulipoikausha, akautikisa, akasema bushi zimelika, ni kazi ya nusu siku.

Tukiwa nje mume wangu aliwaonyesha watoto upande wa Tongoni. Pale, Aprili 1498, São Rafael, moja ya meli za Vasco da Gama, ilikwama kwenye mafungu, ikabidi ingoje maji yajae ndipo inasuke. Mwaka uliofuata walipokuwa wanarudi kutoka India mabaharia walikuwa wamepungua mno kwa maradhi, wakaichoma moto hukohuko. Mwanangu wa mwisho aliuliza kama walikagua mkuku wake ilipokwama. Nilifurahi sana kwa swali lile.

Karatasi zilichukua wiki mbili. Usajili na ukaguzi wa usalama wa vyombo upande huu wa bara uko TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli. Ikiwa boti imesajiliwa Zanzibar, utaanzia kwa mamlaka ya kule. Namba iliyoandikwa kwenye cheti ilinganishe na iliyo kwenye boti na kwenye mashine, kwa macho yako. Na ikiwa boti iliingizwa nchini na mgeni kwa kibali cha muda, nenda TRA, mamlaka ya mapato, ukaulize ushuru kabla hujakubaliana bei, si baada. Yetu ilikuwa imelipiwa, risiti ipo, na nilikwenda nayo nikauliza hata hivyo.

Muuzaji alitaka milioni 19. Nilimpa karatasi yenye kila tulichokikuta: ufa wa mkuku wa kushoto, gogo la nguzo, sitaha sehemu mbili, waya zote, koki mbili, bushi za usukani. Kila kimoja na bei ya fundi pembeni. Hatukubishana kwa maneno makali. Alikuwa amesimama nasi mchangani, ameuona mstari wangu wa penseli ukikatika. Tulikubaliana milioni 14 na nusu.

Siku ya kulipa tulikutana botini, imetia nanga. Fedha zilikuwa kwenye mkoba wangu. Ami hakukaa. Aliinua ubao wa sakafu, akatazama, akachovya kidole, akaonja.

"Ya chumvi," alisema.

Moyo wangu ulisimama. Akashuka hadi kwenye shafti na tochi, akakaa pale muda mrefu, tukimsikia akihesabu kwa sauti ya chini. Matone mawili kwa dakika, mashine ikizunguka; ilipozimwa, hakuna. Kamba ya kuziba shafti ya namna ile inatakiwa ivuje kidogo hivyo, ndivyo inavyopozwa isiungue. Alifuta kidole kwenye shuka, akarudisha ubao mahali pake.

"Haya, mwanangu. Mpe hela zake."